Majani Mekundu Mbele ya Mvua

Kila mwaka mu mwezi wa 9 na wa 10 kuna jambo kubwa linalopita karibu na mji wetu, na wengi hatulitazami. Tangu mwezi wa 5 mvua haijanyesha. Vumbi imejaa barabarani, mto Kafubu umepungua. Lakini toka Lubumbashi kwa barabara ya Kasenga, ufike kule pori bado limesimama: utaona miti inavaa majani mapya. Nayo si ya kijani! Mengine ni mekundu kama divai, mengine yana rangi ya shaba iliyosuguliwa, mengine rangi ya asali. Jua linaposhuka unaweza kusema pori linawaka, kumbe hakuna moto.

Maji yanatoka wapi? Mizizi imeshuka chini sana, na ndani yake kuna akiba ya mwaka uliopita. Muti haungoji mvua ndipo uanze kazi. Unajitayarisha mbele, ili matone ya kwanza yakute majani tayari.

Pori linasema

Watu wa mji wanasema: «Kule ni pori tu, bule.» Wazee hawakusema hivyo. Walijua kusoma pori. Mahali miti inakataa kuota, na maua madogo ya rangi ya zambarau yanajaa, mara nyingi mule udongoni kuna shaba. Wataalamu waliofuata maua hayo walifika hata penye tanuru za kale ambamo mababu waliyeyusha shaba.

Mvua ikianza, bowa bunatoka chini ya miti. Bowa bwingi bunaishi pamoja na mizizi: muti unakula kwa bowa, na bowa kwa muti. Kata muti, na bowa bule bunapotea. Vinkubala navyo vinakula majani ya miti ile ile. Kwa hiyo mama anayeuza bowa na vinkubala sokoni anauza matunda ya pori.

Na visugulu je? Kuna vingine vinapita metre 5 kwa urefu, kazi ya wadudu wadogo kuliko ukucha. Mwaka wa 2015 wataalamu walichapisha vipimo vya visugulu vya karibu na Lubumbashi, wakakuta kimoja chenye umri wa miaka zaidi ya 2000. Fikiri, ndugu: Bwana Yesu alipotembea Galilaya, kisugulu kile kilikuwa kimekwisha kusimama! Mji wetu ulianzishwa 1910 tu. Na sisi tunabomoa visugulu kwa majuma machache, tunafanya matofali.

Swali la mama

Tuseme kweli. Wengi wetu tunapika bukari kwa mbabula. Mama atauliza: «Pastere, bila makala tutapikia na nini?» Swali lake ni la haki. Wala hatuwezi kumhukumu baba anayesukuma kinga yenye mifuko ya makala ili watoto wasome. Lakini yeye mwenyewe anajua kuliko sisi: pori linarudi nyuma, na safari yake inazidi kuwa ndefu. Siku litakapokuwa mbali kupita nguvu zake, watoto watasoma na nini?

Kisiki hakijafa

Kuna habari njema. Miti mingi ya kwetu ikikatwa haifi. Kisiki kinachipuka, kwa sababu mizizi ni mizima. Kinachoua ni kung'oa visiki, na moto mkali wa mwisho wa kiangazi unaorudi kila mwaka na kula machipukizi.

Jambo hilo lilipimwa karibu na kwetu, kule Ndola, Zambia, tangu miaka ya 1930. Pori moja liligawanywa. Sehemu iliyochomwa kila mwaka mwishoni mwa kiangazi ilipoteza karibu miti yote, ikabaki majani ya nyasi. Sehemu iliyochomwa mapema, nyasi zikiwa bado na ubichi, ilibaki na miti yake. Na sehemu isiyoguswa na moto ilisongamana sana.

Basi wazazi wenye mashamba, msing'oe kila kisiki. Kama ni lazima kuchoma nyasi, chomeni mu mwezi wa 5 au wa 6, si wa 9. Kwenye mbabula, funikeni sufuria, na zimeni makala yaliyobaki mkisha kupika. Mufuko utadumu zaidi. Na ninyi vijana, mwulizeni bibi majina ya miti kungali mapema, kwa maana asiyejua jina la kitu hawezi kukilinda.

Mwezi wa 10 mkipita penye visiki, inameni mtazame. Mkikuta machipukizi mekundu, msiyakanyage. Miaka ikipita, yatakuwa pori tena.