Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone

Wahenga walinena: mgeni njoo, mwenyeji apone. Usemi huo twaukubali, lakini twaongeza neno moja: mwenyeji hatapona asiposhirikishwa katika kuponywa kwake. Ushahidi wa jambo hili tunao kwa Wanavajo, wenyeji wa asili wa Marekani, ambao nchi yao imeenea katika majimbo ya Arizona, New Mexico na Utah.

Katika miaka ya 1950 kifua kikuu kiliwaua wengi huko. Hospitali zilikuwapo na dawa mpya zilikuwapo, lakini wagonjwa wengi walitoroka kabla ya kupona. Huo haukuwa ujinga. Maradhi yao hawakuelezwa kwa lugha waifahamuyo, na kwa desturi yao mahali alipofia mtu huogopwa. Bibi Annie Wauneka, aliyechaguliwa katika Baraza la Kabila mwaka 1951, alikwenda nyumba kwa nyumba akiwaeleza watu, akashauriana na waganga wa jadi, akasaidia kutunga kamusi ya maneno ya kitabibu kwa Kinavajo. Mwaka 1963 Rais wa Marekani alimtunukia Nishani ya Uhuru.

Mwaka 1968 Serikali ya Marekani ilianzisha mpango wa wahudumu wa afya watokao katika makabila yenyewe. Muuguzi wa afya ya jamii anazo dawa na elimu. Mhudumu anaijua njia, anaijua lugha, naye hujulikana mlangoni. Kisha sheria ya mwaka 1975 ikayapa makabila haki ya kuziendesha huduma hizo wenyewe kwa fedha za serikali kuu.

Mtihani ulikuja mwaka 2020. Korona iliwashambulia Wanavajo vikali, na nyumba nyingi hazikuwa na maji ya bomba. Misaada ilitoka pande nyingi, hata Madaktari Wasio na Mipaka walituma watu. Lakini aliyejua ni nyumba ipi ina mzee asiye na maji wala kuni alikuwa mhudumu wa pale pale. Chanjo ilipofika mwishoni mwa mwaka huo, watu waliipokea kwa wingi.

Ndugu wasomaji, ushirikiano si sadaka, wala si amri. Yeyote aendaye kwa wananchi na sanduku la dawa, hana budi kwanza kupiga hodi, na kungoja akaribishwe.