Yule mama wa Beachy Head si wetu

Kama ulisikiliza kipindi chetu kilichopita, ulinisikia nikisema kwa kujiamini kabisa kwamba Uingereza ilikuwa na mwanamke kutoka Afrika ya kusini mwa Sahara tangu enzi za Warumi. Tulikuwa tunaongelea tamthilia za Roma ya kale, na hasira zinazowapanda watu mitandaoni wakiona uso mweusi umevalishwa toga. Nikatoa ushahidi wangu: mifupa ya mwanamke wa Beachy Head, kule pwani ya kusini. "Tulikuwepo," nikasema. Mwenzangu akapiga meza kwa furaha, na ule mlio mmeusikia.

Siku mbili baadaye nikapata ujumbe wa sauti wa dakika saba kutoka kwa shangazi. Shangazi yangu alifundisha historia sekondari huko Tanga kabla ya kuhamia Toronto, na haongei haraka.

"Mama, nimekusikiliza mpaka mwisho. Umeongea vizuri, na Kiswahili chako kinapanda. Lakini yule mwanamke si wetu. Wameshampima upya. Sasa mwalimu akikosea darasani, anarudi darasani hapo hapo kusahihisha."

Basi nimerudi darasani.

Mifupa yenyewe iligunduliwa mwaka 2012 ndani ya boksi kwenye chumba cha chini cha ukumbi wa mji wa Eastbourne. Vipimo vya umri vilionyesha mwanamke aliyeishi kati ya karne ya 2 na ya 4. Walipoangalia umbo la fuvu wakasema asili yake ni Afrika kusini mwa Sahara, na mwaka 2016 BBC wakamwekea kibao cha kumbukumbu. Halafu DNA ikaanza kusema mengine: kwanza ikaelekea Cyprus, na mwishoni mwa 2025, kwa vipimo bora zaidi, ikaonekana alikuwa mtu wa hapa hapa kusini mwa Uingereza. Mimi nilikuwa nimesoma habari ya 2016 nikaipenda, nikaishia hapo.

Kilichoniuma si kukosea. Kilichoniuma ni kwamba nusu saa kabla ya hapo nilikuwa nimewacheka watengenezaji wa tamthilia kwa kosa hilo hilo, la kuchukua kinachopendeza na kuacha kupima. Mnakumbuka nilivyowasema kuhusu kidole gumba? Kile kidole cha kuelekeza chini, ambacho kila tamthilia ya magladieta lazima ikiweke, kimeenezwa na mchoro wa Mfaransa Jean-Léon Gérôme wa mwaka 1872. Waandishi wa Kirumi wanataja kwamba watu waligeuza kidole, ila hawasemi kilielekea wapi. Na ile salamu ya "sisi tunaokwenda kufa tunakusalimu, Kaizari"? Tunaijua kutoka tukio moja tu, mwaka 52 BK, pale wafungwa walipopangwa kupigana kwa meli ziwani mbele ya Klaudio. Hawakuwa magladieta wa kawaida, na hakuna anayetuambia ilisemwa mara nyingine. Lakini ukiiondoa, mtazamaji anahisi amepunjwa.

Sasa niwaambie kwa nini nilianza kuzitazama hizi tamthilia. Ni Baba. Kwenye kabati lake, tangu nikiwa mtoto, kulikuwa na *Juliasi Kaizari* ya Mwalimu Nyerere, ile tafsiri ya Shakespeare aliyoitoa kwanza mwaka 1963 kisha akaifanyia marekebisho 1969. Jalada limechakaa, kurasa zimekuwa za rangi ya chai. Baba aliigiza sehemu ya Kaska shuleni, na mpaka leo ukimgusa anasimama sebuleni na kuanza. Kwake yeye Roma ni ile. Mimi ndiye niliyemwambia kwamba Shakespeare amemuua Kaizari kwenye Kapitoli wakati aliuawa katika ukumbi wa Pompei, na kwamba saa inayogonga katika mchezo ule haikuwepo duniani wakati huo. Akaniangalia, akasema, "Na wewe umesomeshwa kwa pesa za nani?"

Baada ya Mama kufariki tukaanza utaratibu wa Jumapili: mimi napeleka chakula, yeye anachagua cha kutazama. Mwaka huu tumeanza *Rome*, ile ya HBO na BBC, ya 2005 hadi 2007. Misimu miwili, sehemu 22. Ni ya zamani kidogo lakini nadhani hakuna iliyoipita, na kwa mtu anayejali usahihi inavutia kwa sababu inakosea na kupatia kwa namna isiyotarajiwa.

Watu wake wakubwa imewachezea itakavyo. Atia, mama yake Oktavio, amefanywa mwanamke wa fitina na tamaa ambaye haachi mtu salama. Ukimsoma Tasito, Atia anatajwa miongoni mwa akina mama waliolea watoto wao kwa maadili. Tena alifariki mwaka 43 KK, wakati tamthilia inamwacha hai mpaka mwanawe anarudi mshindi kutoka Misri. Ugomvi wake na Servilia, mama yake Bruto, ambao ndio unaobeba nusu ya hadithi, hauko popote kwenye maandishi ya kale.

Wale askari wawili, Vorenus na Pullo, ni habari nyingine. Watu wengi wanadhani ni wa kubuni. Hapana, wapo. Kaizari mwenyewe anawataja katika kitabu chake cha vita vya Gaul: maakida wawili waliokuwa wakigombea cheo kila mwaka. Kambi yao ikazingirwa, Pullo akaruka nje kwa kujionyesha akakwama, Vorenus akamfuata kumwokoa, naye akateleza akaokolewa na yule yule. Basi, haifiki hata kurasa mbili. Tamthilia ikamshusha Pullo kuwa askari wa kawaida, ikawapa wake na watoto na madeni, ikawapitisha kwenye kila tukio kubwa la miaka ishirini. Uongo mtupu, lakini uliosimamishwa juu ya jiwe la kweli.

Na mji wenyewe! Kazi yangu ni uhandisi wa majengo, kwa hiyo mimi natazama kuta watu wanapoongea. Roma tuliyozoeshwa ni marumaru nyeupe, safi kama hospitali. Hii ina kuta zilizopakwa rangi, masanamu yana rangi, na maandishi machafu yamechorwa kila kona, kama yale yaliyokutwa Pompeii. Vorenus anakaa kwenye jengo la wapangaji, na majengo hayo ndiyo yaliyobeba mji: ghorofa nne, tano, wenye nafuu chini, maskini juu karibu na paa, moto ukitokea wao ndio wa mwisho kutoka. Yalikuwa yakianguka ovyo hadi Augusto akaweka kikomo cha futi 70 za Kirumi, kama mita 20 hivi. Baba alipoona uwanja ule, nguo zinaning'inia, mtu anauza, mtu anagombana na mkewe na majirani wote wanasikiliza, akasema, "Hii Kariakoo." Hakuna profesa angeisifia tamthilia kwa namna iliyo bora zaidi.

Tulikuwa tunacheka hivyo hivyo mpaka tukafika kwenye watumwa wa Vorenus.

Kama hujaitazama: Vorenus ndiye mtu mwema wa hadithi. Mkali, mwaminifu, anampenda mkewe. Amerudi kutoka Gaul na mateka wake, mtaji wake, akitegemea kuwauza aanze maisha ya uraia. Maradhi yanawakumba wakiwa wamefungwa, wanakufa wote isipokuwa mtoto mmoja mdogo. Naye Vorenus anasikitika kama mfanyabiashara ambaye mzigo wake umeharibikia bandarini. Hakuna anayemlaumu. Mwandishi hakumwekea rafiki wa kumwambia kwamba utumwa ni mbaya ili sisi tupumue.

Baba ni mtu wa Bagamoyo. Hakusema kitu. Alisimamisha picha, akaenda jikoni, nikasikia birika. Aliporudi akasema tu, "Haya, endelea."

Kwangu mimi hicho ndicho kipande sahihi kuliko vyote nilivyowahi kuona kuhusu Roma, na hakina tarehe hata moja ya kuhakiki. Plutarki anaandika kwamba vita vya Kaizari huko Gaul vilileta mateka milioni moja. Hata ukiigawa namba hiyo, unabaki na watu wengi waliouzwa na watu wa kawaida waliokwenda nyumbani wakapenda wake zao. Tamthilia nyingi zinapenda mtumwa awe Spartako, mwenye misuli na hotuba. Katika *Rome* watumwa wanasimama pembeni chumbani wakati mabwana wanakula na kulala na kupanga mauaji, na hakuna anayewaona.

Ndipo nikarudi kwenye "tulikuwepo" yangu. Nilipoisema, nilimaanisha nini? Nilitaka mwanamke aliyezikwa kwa heshima, kwenye mwamba mzuri unaotazama bahari. Nilitaka toga.

Msinielewe vibaya, hoja yenyewe haijafa. Septimio Severo alizaliwa Leptis Magna, Libya ya leo, akawa Kaizari na kufia York mwaka 211. Lolio Urbiko, gavana wa Britania, kwao kulikuwa Algeria ya leo. Kikosi cha Wamauri kiliwekwa Burgh by Sands, kwenye ukuta wa Hadriani. Mwaka 2017 BBC walipogombezwa kwa kuonyesha baba wa Kirumi mwenye ngozi nyeusi kwenye katuni ya watoto, Mary Beard alisimama kuwatetea na akatukanwa wiki nzima, na kwa maoni yangu alikuwa sahihi. Lakini hawa ni watu wa Afrika ya Kaskazini. Kuwakumbatia wote kwa "sisi" moja, kutoka Tripoli mpaka Tanga, ni mkato ambao nisingemruhusu mtengeneza tamthilia aupite. Hata yule bibi wa York mwenye bangili za pembe za ndovu, aliyefukuliwa 1901 na kutangazwa upya na Chuo Kikuu cha Reading mwaka 2010 kuwa na dalili za asili ya Afrika ya Kaskazini, asili hiyo ilikisiwa kwa umbo la fuvu, bila DNA. Baada ya Beachy Head, ninamtaja kwa sauti ya chini kidogo.

Sisi wa pwani tunapotajwa kwenye dunia ya Warumi, tunatajwa kwa mzigo. Kuna mwongozo wa mabaharia ulioandikwa kwa Kigiriki katika karne ya 1 na mfanyabiashara wa Misri ya Kirumi, unaoeleza safari ya Bahari ya Sham na kuteremka pwani yetu, ambayo anaiita Azania. Soko la mwisho kabisa analiita Rhapta, jina linalotokana na mashua za kushonwa kwa kamba. Wataalamu bado wanabishana lilikuwa wapi, ingawa wengi wanaelekeza pwani ya Tanzania. Anasema wageni walileta mikuki, mashoka, visu na shanga za kioo, wakachukua pembe za ndovu, pembe za faru na magamba ya kasa. Anasema manahodha wa Kiarabu walioa huko na kujua lugha ya wenyeji. Lugha gani, hasemi, na mimi sithubutu kuiita Kiswahili. Na juu kidogo ya hapo, kwenye bandari ya Opone huko Somalia, anaorodhesha watumwa, wanaopelekwa Misri kwa wingi.

Nilimsomea shangazi kipande hicho kwa simu. Akanyamaza, kisha akasema, "Ehe. Sasa hiyo ndiyo ungewasomea watu."

Nimewasomea. Ile sehemu ya kipindi tumeirekebisha, mtasikia sauti yangu imeingizwa katikati, samahani kwa mlio wa friji.

Na Jumapili tunaendelea. Tumebakiza sehemu tatu za msimu wa pili. Wiki iliyopita Baba alitaka kujua kuhusu Kaizarioni, yule mtoto wa Kleopatra.

"Huyu mtoto anapona kweli?"

"Kwenye tamthilia au kwenye historia, Baba?"

Akafikiri kidogo. Oktavio alimuua mwaka 30 KK, akiwa kijana wa miaka kumi na saba, na nilishafungua mdomo kulisema.

"Kwenye tamthilia," akasema. "Hiyo nyingine utaniambia tukishamaliza."