Vipimo vya Maji Yaliyosafishwa Viwe vya Kweli

Sote tuliopita chuoni tulifundishwa kuyatazama maji kwa mambo matatu: rangi, ladha na harufu. Kanuni hiyo ina mahali pake katika tahara, nasi hatuigusi. Lakini maji yaliyotoka vyooni na majikoni, yakapitishwa mabwawani na kutiwa klorini, yaweza kuwa maangavu kama ya kisimani na bado yamebeba maradhi. Hapo jicho si shahidi. Shahidi ni maabara.

Kwetu visiwani jambo hili si la anasa. Maji hayo huishia baharini tunamovua, au hunyweshewa bustani, na jiwe la matumbawe lililo chini ya miguu yetu hupitisha uchafu upesi hadi visimani. Mripuko wa kipindupindu ulioanza mwaka 1869 haukuwa wetu kuukumbuka. Ule wa mwaka 2015 na 2016 tunaukumbuka, kwani uliwapata zaidi ya watu 4,000 Unguja na Pemba.

Kazi yenyewe haina miujiza. Kiasi cha maji, aghalabu yakiwa yamezimuliwa kwanza, huchujwa kwa utando wenye matundu madogo mno. Bakteria hubaki juu yake, hulishwa, na huwekwa katika joto la nyuzi 44 na nusu kwa muda wa saa 24. Kila kimoja kilicho hai huzaana hadi kuwa doa la kuhesabika. Wanaotafutwa ni bakteria wa kinyesi, ambao kuwapo kwao ni dalili kwamba maradhi nayo yaweza kuwapo. Mwaka 1989 Shirika la Afya Duniani lilishauri wasizidi 1,000 katika mililita 100 za maji ya kumwagilia mboga ziliwazo mbichi. Mwongozo wa mwaka 2006 ukataka hatari ipimwe kwa mapana zaidi.

Tunaloliogopa sisi ni chupa. Ikiwa haikutiwa thiosalfati, ile chumvi ya kuzima klorini, dawa huendelea kuua bakteria njiani, na maji machafu hupata cheti kizuri. Ikiwa imesahauliwa gatini juani bila ya barafu, hesabu huharibika, ama kwa kuzidi ama kwa kupungua. Chupa yapasa ifike katika saa chache, na isipite kabisa saa 24. Na mwenye mtambo akiarifiwa siku ya kupimwa, basi siku hiyo klorini haitakosekana! Karatasi yenye mhuri juu ya chupa ya namna hiyo ni bora isingeandikwa, maana huwalaza watu.

Kwa hiyo twawaomba wakuu wa idara wasiishie kununua mashine. Maabara yapatiwe barafu, usafiri na umeme usiokatika katikati ya zile saa 24. Na fundi anayeandika hesabu mbaya asiitwe kujieleza kana kwamba yeye ndiye aliyeyachafua maji. Hesabu hizo, nzuri kwa mbaya, zibandikwe katika ofisi ya kila shehia iliyo jirani na mtambo, ili mama ateke maji akijua.