Nukta Kwenye Mizani ya Buguruni

Sokoni Buguruni, pale Barabara ya Uhuru inapokutana na ya Mandela, watu wanauza na kununua kwa robo, nusu na robo tatu kutwa nzima, na ni nadra mtu kuchanganya. Anayeagiza robo ya maharage anajua kabisa kuwa ni pungufu ya nusu. Lakini mwandikie mtu huyohuyo 0.25 na 0.5, umuulize ipi kubwa, na huenda akachagua ya kwanza kwa sababu 25 inazidi 5. Kosa hili walimu wa hisabati wanalijua vizuri, na halitokani na uvivu wala uzito wa kichwa. Mtu aliyekwisha kuelewa robo na nusu amekwisha kuielewa desimali. Kinachomponza ni kuisoma kama namba mbili zilizotenganishwa na nukta, wakati ni namba moja ambayo kila tarakimu ina nafasi yake.

Mizani ya mawe ilimficha mtu tatizo hili, maana jiwe la robo na jiwe la nusu yanaonekana kwa macho. Mizani ya kidijitali haina jiwe. Ina dirisha lenye tarakimu tatu baada ya nukta. Tuseme nyama imewekwa juu na dirisha linaonyesha 1.050. Mwenye haraka anaona moja, anaona hamsini, na kwa kuwa amezoea hamsini kuwa nusu ya mia, anahesabu kilo moja na nusu. Tuisome taratibu. Nafasi ya kwanza baada ya nukta ni ya sehemu za kumi, na sehemu moja ya kumi ya kilo ni gramu 100. Nafasi ya pili ni ya gramu kumi kumi, ya tatu ni ya gramu moja moja. Kwenye 1.050 nafasi ya kwanza ina sifuri, ya pili ina tano: ni kilo moja na gramu 50. Kilo moja na nusu ingeandikwa 1.500. Tofauti ni gramu 450, na kama kilo ni shilingi 10,000, muuzaji anayepiga hesabu kichwani ameshamtoza mteja shilingi 4,500 za bure, pengine bila hata kukusudia. Ile sifuri iliyokaa baada ya nukta ndiyo yenye kazi kubwa kuliko zote, nayo ndiyo inayorukwa. Sifuri ya mwisho, kinyume chake, haiongezi kitu: 0.5, 0.50 na 0.500 ni nusu ileile.

Utaratibu huu ni uleule wa namba nzima: ukisogea nafasi moja kulia, thamani inagawanywa kwa kumi, na nukta inaonyesha tu mahali mamoja yanapoishia. Mwanahisabati Al-Uqlidisi aliandika sehemu za namna hii huko Damascus katika karne ya 10, na Simon Stevin akazieneza Ulaya kwa kitabu chake cha mwaka 1585. Hapa kwetu faida yake ilionekana kwenye fedha. Rupia ya Wajerumani ilikuwa na pesa 64, hadi mwaka 1904 ilipoamuliwa igawanywe katika heller 100. Kugawa kwa 64 kunataka karatasi na kalamu. Kugawa kwa 100 ni kusogeza tarakimu nafasi mbili.

Kwenye kukokotoa, kinachowasumbua wengi ni imani kwamba kuzidisha lazima kuongeze na kugawanya lazima kupunguze. Kilo ya samaki ikiwa shilingi 9,600, basi 0.75 ya kilo ni 9,600 mara 0.75, na jibu ni 7,200. Limepungua, kama inavyopaswa, kwa kuwa hatukuchukua kilo nzima. Muuza duka mwenye kilo 9 za sukari anayetaka kufunga pakiti za 0.25 anagawa 9 kwa 0.25 na kupata pakiti 36. Hakuna muujiza: kila kilo inatoa robo nne. Na si kila sehemu inaishia vizuri. Lita ya petroli ikiwa shilingi 3,000, dereva wa bodaboda mwenye 2,000 anapata theluthi mbili za lita, ambazo pampu itaziandika 0.67 baada ya kukadiria, kwa sababu sita za 0.666... haziishi.

Watakuwapo watakaosema simu zina kalkuleta, basi mateso ya nini. Kalkuleta inahesabu ulichoiandikia, ukibonyeza 7.5 badala ya 0.75 itakuletea 72,000 bila kusita, na anayeweza kulikataa jibu hilo ni yule tu aliyekadiria mapema kwamba chini ya kilo moja haiwezi kuzidi 9,600. Wengine watasema shilingi yetu haitumii tena senti, kwa hiyo desimali imebaki darasani. Bei kweli hazina senti, ila uzito, lita na uniti za umeme zina nukta, na bei inazidishwa kwa hizo. Hata ankara za wafanyabiashara wa Kongo wanaokuja kununua Kariakoo zinahitaji macho: kwa uandishi wa Kifaransa mkato ndio nukta, hivyo 1,250 ya kilo kwao ni kilo moja na robo, wakati kwetu ni elfu moja mia mbili hamsini.

Kwa hiyo mzazi anayemfundisha mtoto aanze na mizani kabla ya kanuni ya kuhamisha nukta: amwambie aisome 0.350 kuwa gramu mia tatu hamsini, kisha aiweke kati ya robo na nusu. Nawe mnunuzi, omba dirisha la mizani ligeuziwe upande wako, angalia kama ina stika ya Wakala wa Vipimo, na usome tarakimu ya kwanza baada ya nukta kabla hujatoa hela.