Fomu ya Shamba la Kahawa: Ibadilishwe Lini, na Nani Aamue?

Leo tuache kidogo mbolea na kupogoa, tuzungumze juu ya daftari la mashamba. Najua wengine mtasema, "Bwana shamba, daftari ni kazi ya karani." Sivyo. Siku hizi kahawa yaweza kukataliwa hali imekauka vizuri, kwa sababu tu maelezo ya shamba yamekosewa.

Mwaka 2023 Umoja wa Ulaya ulipitisha sheria kwamba kahawa inayoingia kwao isitoke kwenye msitu uliofyekwa baada ya tarehe 31 Desemba 2020. Kila shamba lazima lionyeshwe liko wapi. Shamba lisilozidi hekta 4, yaani karibu ekari 10, linatosha kwa alama moja ya setilaiti yenye tarakimu sita baada ya nukta. Likizidi hapo hupimwa mpaka wote.

Maelezo hayo hutoka kwako, yakapita chama cha msingi, chama kikuu, msafirishaji, hadi kwa mnunuzi. Ukigeuza safu moja tu ya fomu, wote hao wanaguswa.

Kuna chama kimoja nilichokihudumia. Makarani waliandika alama za tarakimu nne. Alama iliyokatwa hapo yaweza kukosea hata mita 11. Shamba likiwa jembamba, imeangukia kwa jirani! Katikati ya kuchuma ikaletwa fomu ya tarakimu sita, bila taarifa. Karani huyu anajaza ya zamani, yule mpya. Kahawa ya mama mmoja ikalala ghalani majuma matatu, na ada ya shule inadaiwa.

Hata wakubwa hukwama. Sheria yenyewe ilikuwa ianze tarehe 30 Desemba 2024, ikasogezwa mwaka mmoja. Septemba 2025 wakubwa wa Ulaya wakakiri kwamba kompyuta zao huenda zikaelemewa, na Desemba ile ikasogezwa tena: 30 Desemba 2026 kwa makampuni makubwa na ya kati, 30 Juni 2027 kwa madogo. Basi chama chako kisione haya kuahirisha fomu.

Fanyeni hivi. Fomu ibadilishwe mara moja tu kwa mwaka, kahawa ikishauzwa. Ijaribiwe kwanza kwa wakulima wachache, na mwenye vipande vitatu asiachwe, maana huyo ndiye huonyesha makosa. Iandikwe nambari na mwaka. Wakati wa kuhama, ya zamani iendelee kupokewa, naye karani ajue namna ya kuihamisha.

Na nani aamue? Si mnunuzi na karani wake pembeni. Mkutano mkuu uchague kamati, wakulima wawemo, na kila badiliko lipitie hapo. Kamati hiyo hiyo iandike nani anaruhusiwa kusoma daftari. Shamba likijulikana lilipo, hujulikana kwa wa heri na wa shari.

Ukienda kupima kahawa, mwulize karani: jina langu liko kwenye fomu ya mwaka gani, na alama yangu ina tarakimu ngapi? Akuandikie kwenye karatasi, uondoke nayo.