Majumba Marefu Nje ya Mji

Mtu asafiriye kutoka Shinyanga kwenda Geita huona nyumba zimetawanyika katika nchi wazi, kila kaya na mashamba yake na zizi lake. Nyumba nyingi ni za chini, kwa sababu nafasi ipo. Mwenye watoto wengi hujenga nyumba ya pili kando ya ile ya kwanza, wala hana haja ya kuijenga juu yake.

Katika miji mikubwa ya Marekani mambo ni mengine. Huko majumba ya orofa 30, hata 60, hayapo katikati ya mji tu. Pengine huchomoza kati ya miti na nyumba za chini, maili kadhaa kutoka katikati ya mji. Ni jambo la ajabu, kwa maana pembeni ya mji nafasi ni kubwa. Mbona basi watu hujenga kwenda juu?

Sababu ya kwanza ni bei ya ardhi. Zamani kazi kubwa zilifanyika katikati ya mji, maana ndiko garimoshi lilikofika. Baadaye watu wengi walipata motokaa, wakahamia pembeni, na barabara pana zikajengwa kuizunguka miji. Palipokutana barabara kuu mbili, makampuni mengi yalitaka kuweka ofisi zao. Kiwanja kikapanda bei, na mwenye kiwanja cha bei kubwa hutaka kukitumia mara 30 badala ya mara moja. Ndivyo ilivyokuwa Sandy Springs, kaskazini ya mji wa Atlanta. Hapo yapo majumba mawili, moja lilikamilika mwaka wa 1988 na la pili mwaka wa 1991. Watu huyaita Malkia na Mfalme, kwa ajili ya mataji meupe yaliyo juu yake. Katika mji wa Houston, jumba liitwalo Williams Tower, lenye orofa 64 na urefu wa mita 275, lilijengwa mwaka wa 1983 mbali na katikati ya mji.

Pengine sababu ni sheria. Katika mji wa Washington, sheria ya mwaka wa 1910 inakataza majumba marefu. Kwa hiyo yalijengwa Rosslyn, ng'ambo ya mto Potomac, ambako sheria hiyo haifiki.

Jambo hili limefika Afrika ya Mashariki pia. Upper Hill, mahali palipo nje kidogo ya katikati ya Nairobi, zamani palikuwa na nyumba za chini za maofisa wa reli, zenye bustani. Leo pana Britam Tower, jumba la mita 200 lililokamilika mwaka wa 2017.

Lakini bei ya ardhi peke yake haiwezi kusimamisha jumba. Kwanza yahitajiwa mifupa ya chuma cha pua, au ya zege yenye nondo, ili uzito wote usibebwe na kuta. Tena yahitajiwa lifti, maana hakuna apendaye kupanda ngazi za orofa 40 kila siku. Mwaka wa 1854, katika New York, Elisha Otis alisimama juu ya lifti mbele ya watu, akaamuru kamba ikatwe. Lifti haikuanguka, kwa sababu meno ya chuma yaliikamata mara moja.

Wachimbaji wa dhahabu wanaijua kazi hiyo. Katika mgodi wa Bulyanhulu, karibu na Kahama, lilichimbwa shimo la wima lipitalo mita 1000 kwenda chini. Katika shimo la namna hiyo kizimba cha chuma hushuka na kupanda kwa waya na mashine, kama lifti ya jumba. Tofauti ni kwamba mmoja hupanda kutoka ardhini, na mwingine hushuka ndani yake.

Jambo la tatu ni msingi. Udongo mweusi wa mbuga za Shinyanga huvimba wakati wa mvua, na wakati wa kiangazi hupasuka nyufa. Nyumba yenye msingi mfupi juu ya udongo huo hupasuka pamoja nao. Kwa hiyo mafundi hupima udongo kwanza, kisha huchimba mpaka wafike penye ardhi ngumu. Msingi uliopimwa kwa orofa tano haufai kubebeshwa kumi.

Asiyejali mambo hayo huhatarisha maisha ya watu. Katika Dar es Salaam, tarehe 29 Machi, 2013, jumba la orofa nyingi lililokuwa likijengwa lilianguka likaua watu zaidi ya 30. Tarehe 16 Novemba, 2024, jumba jingine lilianguka Kariakoo, na watu zaidi ya 20 wakafa.

Siku hizi miji ya Geita, Kahama na Shinyanga inakua, na viwanja vilivyo kando ya barabara kuu vinapanda bei. Watoto wasomao leo ndio watakaojenga na kukaa katika majumba ya miji hiyo. Basi mtu akitazama jumba refu asihesabu orofa zake tu, bali aulize pia ni nani aliyepima udongo, na msingi umefika wapi.