Gari kuukuu likikataa kuwaka, usikimbilie betri mpya

JE, gari lako husumbua kuwaka asubuhi? Unapiga stata mara ya kwanza, ya pili, ya tano, watoto wameketi nyuma na sare zao, na mwishowe unawaita majirani waje kusukuma. Kabla hujamkabidhi fundi karo ya muhula ili anunue betri, plagi na kabureta kwa mpigo, hebu tulia uchunguze.

Chukua mfano wa Peugeot 504 ya petroli, gari lililoshinda mbio za Safari Rally mwaka 1975 na 1978. Ile yenye kabureta haina kompyuta ya kukutatiza. Ili iwake inahitaji nguvu ya kuizungusha, cheche na petroli. Kazi yako ni kujua kilichokosekana.

Washa taa kubwa kisha upige stata. Taa zikififia mno na injini ikizunguka kwa uzito, shuku betri au nyaya zake. Zikiendelea kung'aa na injini isizunguke, shuku stata na nyaya zinazoiendea. Mara nyingi utakuta ungaunga mweupe au wa kijani kwenye vichwa vya betri. Fungua waya wa hasi kwanza, sugua vichwa kwa brashi na maji moto, kausha, ukaze. Utazame pia waya mnene unaotoka kwenye betri hadi kwenye bodi. Ukilegea huo, hata betri mpya haitakufaa. Betri nzima iliyojaa na kupumzika hupima karibu volti 12.6.

Na ikiwa injini yazunguka vizuri lakini haiwaki? Hapa ndipo wengi huliwa pesa. Fungua plagi moja mara tu baada ya kupiga stata. Ikiwa kavu, huenda petroli haifiki: tazama chujio, mipira iliyopasuka na pampu. Ikiwa imelowa, petroli inafika, kwa hivyo tafuta cheche. Ipanguse plagi, irudishe kwenye waya wake, ilaze chuma chake kiguse injini mbali na petroli yoyote, kisha mwenzako apige stata. Usiishike kwa mkono mtupu! Cheche ya buluu yenye mlio ni nzuri. Ya manjano na dhaifu, au isipoonekana kabisa, kagua pointi za distribyuta, kondensa na koili. Pointi zilizoungua ni ugonjwa wa kawaida wa magari haya, na bei yake hailingani hata kidogo na ya betri.

Wewe uliye Limuru au Nyahururu, baridi itakulazimu uvute choki. Lakini huko juu hewa ni nyepesi, na ukikanyaga mafuta ovyo injini hufurika upesi. Ukisikia harufu kali ya petroli, rudisha choki, kanyaga mafuta hadi chini bila kuachia, halafu piga stata kwa sekunde chache. Stata ikipata moto, ipumzishe.

Ukimaliza haya yote na gari bado lakataa, mwambie fundi apime kompresheni ya kila silinda kabla ya kununua chochote. Ikiwa ringi au valvu zimechakaa, hiyo ni hesabu nyingine, na afadhali uijue mapema.